ZULIA CHINI YA MIGUU: NENO LA KIINGEREZA LILILOTUPONZA

Maneno yaliyosemwa na watu wa reli mbele ya wanachama na jamaa zao, Suna, wakati wa likizo. Katibu ameomba yapigwe chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.



Kwanza twaomba radhi kwa jambo moja. Sisi ni watu wa reli, na reli haijafika Suna. Mtu wa huku akitaka kazi yetu hana budi kupanda gari mpaka Kisumu, ambako reli ilifika tangu mwaka 1901, au aende mbele zaidi, Nakuru, Nairobi, hata Mombasa. Basi tukitaja mataruma na kokoto, vumilieni, tutaeleza. Lakini wengi wetu ni wana wa vilima hivi, na mtu tuliyemkosea ni mwana wa vilima hivi pia. Ndiyo sababu tumekuja kusema hapa, hatukusemea kule kazini.

Tumeombwa tuseme juu ya neno moja la Kiingereza. Hapana shaka mwashangaa kuona watu wa nyundo na koleo, waliosoma shule ya msingi ya misheni wakaishia hapo, wamesimama kueleza Kiingereza mbele ya walimu. Hatukuja kufundisha. Tumekuja kueleza jinsi neno tusilolijua lilivyotufanya tumdhulumu mwenzetu, na jinsi tulivyoitafuta maana yake baada ya madhara kwisha kutendeka.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka michache iliyopita tulikuwa chini ya mkandarasi mmoja aliyepewa kazi ya kutengeneza njia. Kazi hiyo ni kuinua reli, kushindilia kokoto chini ya mataruma, yaani vile vipande vya chuma au mbao vinavyobeba reli, kukaza boliti, na mvua ikinyesha usiku kuamka na taa kwenda kutazama madaraja. Ugomvi wetu na mkandarasi ulikuwa malipo ya saa za ziada. Kamati ya tawi ilituambia tusimame imara, mazungumzo yanaendelea, tusiogope. Nasi tukasimama imara. Wengine walikataa hata kupokea bahasha ndogo walizopewa pembeni, kwa kuwa kamati ilisema tuvumilie.

Siku moja mkutanoni mwenzetu wa genge, mtu mpole asiyesema sana, alisimama akauliza maswali mawili. La kwanza: pesa zetu za mazishi, zinazokatwa kila mwezi, zimewekwa wapi na zimefika kiasi gani? La pili: je, ni kweli kwamba kuna karatasi juu ya saa za ziada iliyokwisha kutiwa sahihi? Aliuliza kwa sauti ya kusikika, mbele ya watu wote, kofia mkononi. Mwenyekiti wa wakati ule akasema majibu yatakuja. Tukafunga mkutano tukaenda zetu.

Majuma matatu baadaye majibu yalikuja, nayo yalikuwa barua ya Kiingereza. Katibu wa wakati ule aliisoma yote kwa sauti nzuri kama ya redio. Katika barua hiyo mlikuwa na maneno mawili yaliyorudiwa mara nyingi. La kwanza ni undermine. La pili si neno moja bali ni msemo mzima, pull the rug from under. Tuliambiwa kwamba mwenzetu amefanya mambo hayo mawili juu ya viongozi wetu, na kwamba katiba ya chama haina nafasi kwa mtu wa namna hiyo.

Mzee mmoja, mlinzi wa stoo, aliinua mkono. Akauliza, "Hilo zulia ni la nani, nalo limeibwa lini?"

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Sasa hatucheki. Katika mkutano mzima mzee yule ndiye peke yake aliyeuliza maana. Sisi wengine, kwa kuwa neno lilikuwa la Kiingereza na lilisomwa kwa ukali, tulidhani ni kosa kubwa linalojulikana, kama wizi au ulevi kazini. Tulipoambiwa tuinue mikono, tuliinua. Mwenzetu akatolewa chamani. Kabla mwezi haujaisha mkandarasi akapunguza watu, na jina la mwenzetu lilikuwa la kwanza. Alipoitwa ofisini hakuwa na mwakilishi wa kusimama naye, maana sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kumtoa.

Ile karatasi aliyoiuliza ilionekana baadaye, baada ya uchaguzi kuleta kamati nyingine. Ilikuwa imetiwa sahihi siku 11 kabla ya mkutano ule. Saa za ziada zilikuwa zimekwisha kuachwa, na sisi twaambiwa tusimame imara.

Hapo ndipo tulipoona haya tukaanza kutafuta maana ya maneno yale. Mwalimu mmoja alitusaidia kwa kamusi. Mengine, mtashangaa, tulifundishwa na huyo huyo mwenzetu tuliyemtoa.

Tuanze na zulia. Nyumba nyingi za mama zetu hapa hazikuwa na zulia. Sakafu ilikandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na mgeni alitandikiwa mkeka au ngozi. Zulia twalijua zaidi kutoka ofisini, lile ambalo ukiitwa kwa Bwana Mkubwa huthubutu kulikanyaga kwa buti la kazi. Basi fikirini mtu amesimama juu ya zulia, anazungumza na watu, amestarehe. Nyuma yake mtu mwingine ashika pembe ya zulia, avuta mara moja. Yule aliyesimama aanguka chali. Hakupigwa, hakusukumwa, wala hakumwona aliyevuta. Kilichomwangusha ni kile kile kilichokuwa kinambeba.

Huo ndio msemo wenyewe, na mwalimu alitutahadharisha kwamba usitumiwe ovyo. Msemo wataka kwanza awepo mtu aliyesimama juu ya kitu kwa kukiamini: ahadi, fedha, kura, au neno la mwenzake. Wataka kitu hicho kiondolewe ghafla, wakati amekwisha kuweka uzito wake wote juu yake. Na mara nyingi mwenye kuvuta ni mtu aliye upande wake au karibu naye, maana adui aliye mbele yako hawezi kufikia pembe ya zulia unalolikanyaga. Pasipokuwa na hayo, Mwingereza mwenyewe hatatumia msemo huo. Atatafuta mwingine.

Mfano. Wakulima wa miwa wameahidiwa mkopo, wamelima, wameajiri watu, trekta limekwisha kuingia shambani, kisha siku ya mwisho mwenye kukopesha asema amebadili shauri. Hapo zulia limevutwa. Lakini kama alikataa tangu mwanzo, kabla jembe halijagusa ardhi, hakuvuta kitu. Alikunyima tu, na kunyima ni neno jingine.

Mfano wa kwetu wafanya kazi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mwajiri atakitambua chama kwa mazungumzo ya mishahara ikiwa chama hicho chawakilisha zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama pale. Hiyo nusu na zaidi ndiyo zulia letu. Mjumbe wetu aingia ofisini akiwa amesimama juu ya majina hayo. Ikiwa usiku kabla ya mazungumzo watu wamepitishiwa karatasi za kujitoa, nao wakatia sahihi kwa siri kwa ajili ya shilingi kidogo au kwa hofu ya kuhamishwa, basi mjumbe asubuhi atafungua mdomo akiwa hewani. Twawaambia vijana hasa: ukitaka kujitoa chamani ni haki yako, lakini mwambie mjumbe wako kabla hajaingia ofisini.

Msemo huu wa zulia una ndugu yake mkubwa kwa umri, nao ni kumkatia mtu ardhi chini ya miguu yake. Wafaransa nao husema kumkatia mtu majani chini ya mguu. Ndugu huyu hutumiwa sana katika mabishano. Mwajiri asema hana fedha za kuongeza mshahara. Mjumbe wa chama aweka mezani hesabu za mwajiri mwenyewe, zenye faida ya mwaka. Hoja ya mwajiri imekatiwa ardhi. Hapo hakuna hila wala aibu, na kazi ya mjumbe hodari ni hiyo hiyo. Kwa hiyo msidhani kwamba misemo hii daima ni ya lawama. Yategemea ni nani amesimama juu ya nini, na kama kilichokuwa kinambeba kilikuwa kweli au uongo.

Sasa neno la kwanza la ile barua, undermine. Hili twaweza kulieleza kuliko Waingereza wenyewe, kwa sababu maana yake ya asili ni kuchimba chini ya kitu, na hapa Suna na kwa jirani zetu wa Nyatike kila mtoto ajua kuchimba. Dhahabu ya Migori yajulikana tangu wakati wa wakoloni. Mgodi wa Macalder ulitoa dhahabu na shaba mpaka ulipofungwa katika miaka ya 1960, na tangu hapo watu wetu wenyewe wameendelea kuchimba kwa sururu, nyundo na kamba.

Katika vita vya zamani vya Ulaya, mtu akishindwa kuvunja ukuta wa ngome kwa mbele, alichimba tundu chini ya msingi wake. Kila alipochimba aliweka nguzo za miti ili ukuta usimwangukie yeye kwanza. Alipomaliza alitia moto zile nguzo, akakimbia. Nguzo zikiungua, ukuta wateremka wenyewe. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza aliizingira ngome ya Rochester, akaagiza aletewe nguruwe wanono 40 ili mafuta yao yawashe moto chini ya ngome, na pembe moja ya mnara ikaanguka kweli. (Tulipomweleza mzee wa stoo habari hii alisikitika sana kwa ajili ya nyama.) Toka kazi hiyo ya kivita Waingereza wakapata neno lao, na leo hulitumia kwa heshima ya mtu, kwa afya, kwa sheria, kwa chama: kitu kinachodhoofishwa polepole toka chini huku juu chaonekana kizima.

Mwenzetu tuliyemtoa, alipokosa kazi ya reli, alirudi nyumbani akaingia mashimoni. Tulimfuata huko. Hakutufukuza. Alitupa chai, kisha akatupeleka akatuonyesha shimo analochimba pamoja na wenzake. Chini mle mwamba haukatwi wote. Huachwa nguzo za mwamba wenyewe zibebe paa, na penye udongo laini hutiwa miti ya mkaratusi. Akatueleza kwamba dhahabu ikipungua huja tamaa. Mtu hushuka usiku akaanza kukwangua zile nguzo, maana nazo zina dhahabu. Akwangua kidogo leo, kidogo kesho, na mchana washuka wenzake wasiojua. Paa halitoi habari. Mmesikia wenyewe ni watu wangapi waliofukiwa katika mashimo ya nchi hii, na hatutaki kuwakumbusha wenye misiba yao.

Kisha akatuambia neno hili, nasi twalileta kama alivyolisema: "Mimi niliuliza nguzo ziko wapi. Mkasema ndiye mimi ninayezikwangua."

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai.

Na sisi watu wa reli tulipaswa kulielewa neno hili mapema kuliko watu wote. Reli haisimami kwa nguvu zake. Husimama juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, kokoto juu ya tuta la udongo, na penye mto, juu ya daraja. Mvua kubwa ikija na kalvati ikiwa imeziba, maji hutafuta njia chini ya tuta, huchukua udongo na kokoto. Reli hubaki zimenyooka vizuri hewani kama ngazi iliyolazwa, na mataruma yananing'inia. Dereva akitazama kwa mbali aona njia nzima. Mwezi Januari mwaka 1993 treni ya abiria iliyokuwa ikienda Mombasa ilifika usiku penye mto Ngai Ndethya, mafuriko yakiwa yameharibu daraja, ikatumbukia mtoni. Walikufa watu zaidi ya 100. Tangu tulipoingia kazi hii tumesikia habari ya mto huo kwa wazee wa genge, na ndiyo sababu mtu wa njia hutembea kwa miguu. Dirishani hauoni kitu. Hutembea, huinama, hugonga, hutazama kalvati. Mtu huyo akirudi akasema, "Chini ya taruma pana shimo," hakuna nyapara mwenye akili atakayemwambia kwamba amelichimba yeye. Humshukuru, na treni husimamishwa. Chamani tulifanya kinyume.

Waaustralia wana msemo wao wa jambo hili, nao wamechukua jina la mchwa wakalifanya kitendo. Katika vyama vya wafanya kazi vya kwao mtu aliyeingia ndani ili akile chama toka ndani husemwa kwamba anafanya kazi ya mchwa. Huu twaufahamu bila kamusi. Waliojenga reli ya kutoka Mombasa walitumia mataruma mengi ya chuma, na sababu mojawapo ilikuwa mchwa. Nasi katika Kiswahili hatukosi maneno. Twasema kumchimba mtu. Twasema kikulacho ki nguoni mwako. Twasema pia kutia mchanga katika kitumbua cha mwenzio, ingawa huo hauko sawa na zulia, maana kitumbua huharibika mkononi lakini wewe hukuanguka. Tungalisomewa barua ile kwa Kiswahili, na kuelezwa kwamba mwenzetu "ametuchimba," mara moja watu wangaliuliza: ametuchimba vipi, lini, kwa nani, na shimo liko wapi? Kiingereza kilitufunga midomo.

Hapo pana sheria mpaswayo kuijua. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kazi kwa sababu ya mwenendo mbaya, au utendaji duni, au udhaifu wa mwili, hana budi kumweleza sababu hiyo kwa lugha ambayo mfanya kazi huyo anaielewa. Tena mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama pale kazini, aliyemchagua mwenyewe. Kwa lugha anayoielewa. Basi ukipewa barua ya kujieleza yenye neno hili la kuchimba chini, usitie sahihi kwa hofu. Omba uelezwe. Uliza ni nguzo ipi, ni siku gani, ni nani aliyekuwa amesimama juu yake. Ikiwa jibu ni kwamba uliuliza swali mbele ya watu, basi hukuchimba; uliuliza. Sheria imemfunga mwajiri kwa jambo hili, nasi chama tulimfanyia mwenzetu vibaya kuliko sheria inavyomruhusu mwajiri.

Mtatuuliza kama katika historia ya vyama vyetu mambo haya yamepata kutokea kwa ukubwa. Yametokea. Tutasimulia mawili.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, watu kama 15,000, bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa majumbani. Waligoma siku 12, wakikutana kila siku katika uwanja wa mpira walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Hapo kikazaliwa chama kilichokuja kuitwa African Workers' Federation, na kiongozi wake akawa Chege Kibachia. Nguvu ya chama kile ilikuwa nini? Ilikuwa kwamba kuli wa bandarini na mpishi na mtu wa reli walisimama juu ya ardhi moja. Mwezi Agosti mwaka ule ule serikali ilimkamata Kibachia ikampeleka kizuizini Kabarnet, akakaa karibu miaka 10. Wengi wakisimulia habari hii husema hapo ndipo zulia lilipovutwa. Sisi twaona sivyo. Kumkamata mtu ni kumpiga kifuani, naye aona mkono unaompiga. Kuchimba kulikuwa kwingine. Serikali haikukitambua chama cha watu wote, na mwaka ule ule alikuja mshauri toka Uskoti, James Patrick, mtu wa vyama yeye mwenyewe, kufundisha Waafrika kuunda vyama vya kazi moja moja: watu wa magari peke yao, watu wa reli peke yao, na kadhalika. Twakiri kwamba vyama hivyo vilileta faida, na hiki chetu ni mtoto wa njia hiyo. Hatusemi kwamba kila aliyefuata njia hiyo alikuwa na nia mbaya. Lakini ardhi ile moja ya Kiwanja cha Maskini ilikatwa vipande, na chama cha Kibachia hakikupata pa kusimama tena.

La pili ni la mwaka 1965. Wakati huo Kenya ilikuwa na mashirikisho mawili ya vyama yanayogombana. Moja lilikuwa Kenya Federation of Labour, ambalo Tom Mboya, mtu wa Rusinga, jirani yetu wa Homa Bay, aliliongoza miaka mingi kabla hajawa waziri. La pili lilikuwa la wale waliojitenga nalo. Kila upande uliuambia mwingine kwamba unachimba umoja wa wafanya kazi, na kila upande ulisema mwenzake ametandikiwa na wageni, huyu na nchi za Magharibi, huyu na za Mashariki. Kulikuwa na kweli katika maneno ya pande zote mbili, maana fedha za nje zilikuwa zikiingia huku na huku. Mwezi Agosti wafanya kazi walipigana Mombasa, damu ikamwagika. Serikali haikuchagua upande. Iliyafuta mashirikisho yote mawili na mahali pake pakawekwa moja, COTU, mwaka ule ule wa 1965. Twaleta habari hii kwa sababu watu husahau sehemu moja ya ule msemo wa zulia: kabla ya kuvutwa, zulia lazima litandikwe na mtu fulani. Chama kinachosimama juu ya ada za wanachama wake chaweza kuchimbwa, lakini kuvutiwa zulia na mtu wa mbali ni vigumu.

Turudi kwa mwenzetu, maana ndiye aliyetuleta.

Tumeipima barua ile kwa maana tuliyojifunza. Je, alichimba? Kuchimba ni polepole na kwa siri. Yeye aliuliza mara moja, mkutanoni, amesimama. Je, alivuta zulia? Viongozi hawakuwa wamesimama juu ya ahadi yake yoyote. Waliokuwa wamesimama juu ya ahadi ni sisi, tuliokataa bahasha na kungoja mazungumzo yaliyokuwa yamekwisha. Zulia lilikuwepo kweli, na lilivutwa kweli, siku 11 kabla. Ila walioandika barua walikuwa wameshika pembe yake mkononi walipokuwa wakituuliza ni nani mwizi.

Hatuwataji majina. Wengine wamekwisha kuacha kazi, na mmoja ni marehemu. Wala hatutaki mkutano huu uwe wa kuwasema wao, kwa kuwa barua waliandika wao lakini mikono tuliinua sisi. Sisi tusemao nanyi tuliinua. Tulikuwa safu ya pili, karibu na dirisha, naye akatutazama.

Kamati ya sasa imekwisha kuamua kwamba jina lake lirudishwe katika daftari la chama, bila kulipa ada ya kuingia upya, na kwamba wakati aliokuwa nje uhesabiwe kana kwamba alikuwa ndani. Kazi hatuwezi kumrudishia. Mkandarasi yule amekwisha kuondoka, na sisi wenyewe tumetawanyika. Pesa za mazishi zimeanza kuhesabiwa, na hesabu itasomwa katika kila tawi, kwa Kiswahili, pamoja na jina la benki.

Barua ya kumwomba radhi imeandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Mzee wa stoo aliisoma kwanza, akatuambia tufute maneno mawili ambayo hakuyaelewa. Tukayafuta. Mwenyewe yuko hapa leo, ameketi kule nyuma chini ya mwembe pamoja na mkewe, na amesema hatasimama kusema neno mpaka barua iwe na sahihi za wale wale walioinua mikono, si za kamati peke yake. Twaona ana haki. Barua iko mezani kwa katibu, na kalamu iko pale. Wale wa safu yetu tumekwisha kutia. Wengine mliokuwepo siku ile twaomba mpite mezani kabla gari la Kisumu halijaondoka saa tisa.